Binti aliyelelewa na nyanyake akatwaa taji la Wimbledon

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kulala Kapsoya na kuamka kabla ya jua kuchomoza, bila shaka umewaona. Huja vikundi vikundi katika ukungu wa asubuhi, miguu yao ikigusa ardhi kama matone ya mvua, na baada ya dakika moja wametoweka. Kapsoya ni mtaa ulioko upande wa mashariki wa Eldoret, mji uliotawazwa kuwa jiji mwezi Agosti 2024, na hapa mtu akikimbia hakuna anayemwuliza anakimbilia wapi wala anafukuzwa na nani. Mwenye mkokoteni humpisha. Mwenye matatu hupunguza mwendo. Hata mbwa wa mtaa huu wamechoka kuwabwekea wakimbiaji.

Lakini mtoto akionekana na raketi mkononi, hapo ndipo maswali huanza.

Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda huko kumjulia hali rafiki yangu. Katika kijia kilicho nyuma ya ploti yao nilimkuta msichana wa miaka kumi hivi akipiga mpira wa tenisi ukutani. Mpira wenyewe ulikuwa umenyonyoka manyoya yote ukabaki kama kiazi kilichomenywa. Raketi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kipande cha ubao kilichochongwa mfano wa mwiko mkubwa. Kando yake, juu ya kigoda, bibi mmoja mtu mzima alikuwa akichagua maharagwe katika ungo.

"Kogo, nimefika arobaini na tatu!" msichana akapaza sauti. Kogo ndilo jina ambalo watoto wa Kikalenjin humwitia nyanya. Kwa Waluhya ni kukhu, kwa Wakikuyu ni shosho, na katika ploti za Kapsoya, ambako makabila yamechanganyika kama githeri, utayasikia yote matatu kabla ya chai ya saa nne.

"Hesabu hizo ungezifanya darasani mwalimu angefurahi," nyanya akajibu bila kuinua macho. Kisha akanigeukia mimi. "Nimeambiwa wewe huandika magazetini. Hebu niambie, mwanangu. Hawa wanaokimbia nimewaona kwa macho yangu wakijenga nyumba na kununua mashamba. Hii ya kupiga ukuta imemjengea nani nyumba?"

Lilikuwa swali la haki, nami sikutaka kumjibu kwa maneno ya kumfurahisha tu. Nilivuta kigoda kingine, nikamsimulia habari za binti anayeitwa Angella Okutoyi. Nawe msomaji, hasa ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto anayeharibu rangi ya ukuta kwa mpira, kaa nami nikusimulie pia.

KUTOKA LORESHO HADI BUJUMBURA

Okutoyi alizaliwa Nairobi mwezi Januari mwaka 2004. Alizaliwa pacha, yeye na dadake Roselida, na siku yao ya kuzaliwa ndiyo iliyokuwa siku ya msiba, kwani mama yao alifariki wakati wa kujifungua. Vichanga wale wawili wakabaki mikononi mwa nyanya yao. Mama huyo hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika shule ya msingi ya Loresho, jijini Nairobi, na kwa mshahara huo mdogo aliwalea wajukuu pamoja na watoto wengine waliomtegemea.

Aliyewaingiza pacha hao katika tenisi ni mjomba wao, naye Angella alikuwa na umri wa miaka minne tu. Wengi wetu tukiwa na umri huo tulikuwa tukifukuza matairi. Na hapa, msomaji, simama kidogo ufikirie. Tenisi nchini Kenya ililetwa na walowezi, na kwa miaka mingi viwanja vyake vilikaa ndani ya ua wa vilabu, nyuma ya maua na askari wa lango. Mwafrika aliyeingia humo mara nyingi aliingia kama kijana wa kuokota mipira. Mambo yamebadilika, lakini ua wenyewe haujaisha: leo mtu hazuiwi kwa rangi yake, huzuiwa na ada ya uanachama. Mtoto wa mfanyakazi wa shule hawezi kuuruka ua huo peke yake. Lazima awepo mtu wa kumfungulia lango.

Kwa Okutoyi malango yalifunguliwa moja baada ya jingine. La kwanza ni la mjomba. Baadaye vipaji vyake vilionekana na makocha wa taifa, akiwemo Francis Rogoi ambaye ameandamana naye katika safari nyingi. Kisha Shirikisho la Tenisi Duniani, ambalo lina vituo vya kukuza chipukizi barani Afrika, likamchukua katika kituo chake cha Bujumbura, Burundi, na baadaye katika kituo cha Casablanca, Morocco. Fikiria mtoto aliyeacha nyumbani akiwa bado mdogo, akaenda kuishi katika nchi ambako watu husema Kirundi na Kifaransa, kwa sababu ya mpira wenye uzito usiofika gramu 60. Na fikiria nyanya aliyekubali aende.

Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia. Ubingwa huo ukamfungulia mlango wa mashindano ya vijana ya Australian Open mwezi Januari 2022. Huko Melbourne alimshinda Federica Urgesi wa Italia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makuu ya vijana. Kisha akamlaza Zara Larke wa Australia mbele ya watu wa kwao. Alisimamishwa na Sofia Costoulas wa Ubelgiji katika raundi ya tatu. Magazeti ya Nairobi, ambayo kwa kawaida huweka tenisi katika kona ya chini karibu na matangazo ya vifo, yalianza kumpa nafasi.

POINTI ISHIRINI

Sasa tufike London, mwezi Julai mwaka huo huo wa 2022. Wimbledon huchezwa juu ya nyasi, na nyasi si rafiki wa mgeni. Mpira ukigusa nyasi hauruki juu, huteleza chini kwa kasi, na mguu nao huteleza. Mchezaji aliyezoea viwanja vigumu vya Afrika huhitaji siku kadhaa kabla ya kujua asimame vipi.

Okutoyi alicheza mchezo wa wawili wawili upande wa wasichana akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wakafika fainali. Waliokutana nao huko ni Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Lishike jina hilo la Mboko, tutalirudia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufuata mchezo huu, tenisi ina hesabu ya ajabu kidogo. Pointi husomwa 15, 30, 40, kisha mchezo. Anayefika michezo sita, akiwa amemwacha mwenzake kwa miwili, hushinda seti. Katika fainali ile Wakanada walishinda seti ya kwanza 6-3. Okutoyi na Nijkamp wakajibu kwa seti ya pili 6-4. Seti ya tatu katika mchezo huo wa vijana haichezwi yote. Badala yake huhesabiwa pointi moja moja hadi kumi, na lazima mshindi amzidi mwenzake kwa pointi mbili.

Matokeo yalikuwa 11-9. Ukiyatazama matokeo hayo utaona jambo ambalo hata asiyekuwapo uwanjani anaweza kulijua kwa hakika: lazima ilifika wakati ubao ukasoma 9-9. Zilikuwa zimechezwa pointi kumi na nane katika sehemu hiyo ya mwisho na hakuna aliyemzidi mwenzake. Zikabaki mbili. Wasichana wanne, mipira miwili ya kuanzisha, na kombe pembeni. Zote mbili zilikwenda kwa Okutoyi na Nijkamp.

Hivyo ndivyo mjukuu wa mfanyakazi wa Loresho alivyokuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu ya tenisi. Mwaka huo Wimbledon ilikuwa ya Afrika kwa namna nyingine pia, kwa sababu Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya wanawake, akashindwa na Elena Rybakina wa Kazakhstan. Hakuna mwanamke wa Kiafrika aliyekuwa amefika fainali ya namna hiyo tangu mashindano makuu yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Wasomaji wetu wa umri wangu watauliza: na Paul Wekesa je? Naam, hatujamsahau. Katika miaka ya themanini na tisini Wekesa alizunguka dunia akicheza kama mchezaji wa kulipwa, akafika nambari 100 katika orodha ya ubora duniani mwaka 1995, tena akashinda mataji matatu ya wawili wawili. Tuliokuwa shuleni wakati huo tulisikia habari zake redioni, tukaenda kufunga kamba kati ya miti miwili tukaita uwanja. Lakini baada yake kukawa kimya kirefu. Ndiyo maana taji la 2022 lilipokelewa kwa vifijo. Na ndiyo maana wengi walidhani kwamba kazi imekwisha, kwamba kilichobaki ni kungoja tu binti huyu awe bingwa wa wakubwa.

DHAHABU BILA TIKITI

Hapa, nyanya wa Kapsoya aliacha kuchagua maharagwe. "Basi akajenga nyumba," akasema.

Nikamwambia asubiri kidogo. Kombe la vijana la Wimbledon huja na heshima kubwa, lakini haliji na hundi. Wachezaji wa mashindano ya vijana hawalipwi zawadi ya fedha. Siku ya pili yake mchezaji huamka akiwa maarufu na mfuko ukiwa ule ule.

Mwaka 2023 Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani. Vyuo vya huko huwafadhili wanamichezo hodari: wanasoma, wanafanya mazoezi chini ya makocha wa chuo, na wanakichezea chuo dhidi ya vyuo vingine. Kwa familia isiyo na mali, huo si mlango wa kuuacha ukafungwa. Kwa maoni yangu alifanya uamuzi wa busara, ingawa wapo walionung'unika kwamba angeingia moja kwa moja katika uchezaji wa kulipwa. Wanaonung'unika hivyo kwa kawaida si wao wanaolipa tikiti ya ndege.

Mwezi Machi 2024 akaja Accra, Ghana, kwa Michezo ya Afrika. Katika nusu fainali alikutana na Mayar Sherif wa Misri, bingwa wa michezo hiyo ya mwaka 2019, mwanamke aliyekwisha kutwaa taji la kulipwa la ngazi ya juu kule Parma, Italia, mwaka 2022. Kwa hesabu ya karatasini, mechi hiyo haikuwa na haja ya kuchezwa. Okutoyi alimshinda. Katika fainali akamshinda Mmisri mwingine, Lamis Alhussein Abdel Aziz, akavishwa dhahabu. Mara ya mwisho Kenya kupata dhahabu ya tenisi katika michezo hiyo ilikuwa Algiers mwaka 1978, wakati Jane Davies-Doxzon na Susan Wakhungu waliposhinda mchezo wa wawili wawili. Kati ya dhahabu hizo mbili kuna miaka 46.

Dhahabu ya Accra ilikuwa imebeba ahadi nyingine. Mshindi alistahili nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka huo. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti lake: ifikapo mwezi Juni, mshindi awe ndani ya 400 bora duniani. Okutoyi hakuwa ndani. Paris ikafunguliwa Julai 2024 bila yeye. Sherif, ambaye alishindwa Accra, alikwenda.

Nyanya aliniangalia kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. "Amemshinda, halafu aliyeshindwa ndiye anakwenda?"

Ndivyo, mama. Na tusiwe wepesi wa kulaumu. Ni vyema kuelewa jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu mzazi yeyote anayetaka mtoto wake acheze tenisi ni lazima alielewe mapema.

Mkimbiaji wa Kapsoya ana hakimu mmoja, na hakimu huyo ni saa. Akikimbia kwa muda unaotakiwa, iwe amekulia katika kasri au katika kibanda, saa itasema alichokifanya. Tenisi haina saa ya namna hiyo. Ina orodha, na orodha hujengwa kwa pointi, na pointi hupatikana kwa kucheza mashindano yanayotambuliwa, wiki baada ya wiki, nchi baada ya nchi. Mbaya zaidi, pointi hizo hazidumu. Baada ya wiki 52 zile ulizopata hufutwa, na ni lazima uzipate upya. Ni kama mkulima ambaye ghala lake linamwagwa kila msimu.

Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake yana zawadi ya jumla ya dola 15,000, na usidhani mshindi ndiye anayezichukua zote. Hugawanywa kwa wachezaji wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayetolewa mapema hapati hata za kurudia nyumbani kwa ndege. Sasa mengi ya mashindano hayo katika bara letu huandaliwa Tunisia na Misri. Katika mji wa Monastir, Tunisia, huchezwa karibu kila wiki. Msichana wa huko hupanda basi kwenda kutafuta pointi. Msichana wa Kenya hupanda ndege, hulala hotelini, hula, na ikiwa ameshindwa Jumanne hukaa akingoja mashindano ya wiki inayofuata kwa gharama yake. Na mechi za chuo dhidi ya chuo Marekani, hata uzishinde zote, hazileti pointi za orodha ya dunia. Kwa hiyo mlango ule ule uliompa Okutoyi masomo na makocha ndio uliopunguza wiki zake za kutafuta pointi. Sioni dawa rahisi ya jambo hilo, ila moja: mashindano zaidi yachezwe hapa Afrika Mashariki, ili binti zetu nao wapande basi.

Turudi sasa kwa Victoria Mboko, yule Mkanada aliyeshindwa 11-9. Wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa hiyo huyu naye ni wa upande wetu wa dunia kwa damu. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora. Mwezi Agosti mwaka huo alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal, akimlaza Naomi Osaka katika fainali baada ya kuwatoa Coco Gauff na Rybakina njiani. Akaumaliza mwaka ndani ya 20 bora. Miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu na binti wa Loresho, wakiwa 9-9.

Nalisema hili si kwa kumsimanga Okutoyi, na ningekasirika mtu akilisoma hivyo. Kilichotofautiana baada ya siku ile si mkono wala moyo. Siku ile mikono ilipimwa, na majibu tunayajua.

HEWA YA KAPSOYA

Hapo nyanya akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na hapa petu je? Wazungu huja hapa kukimbia kwa sababu ya hewa. Hewa hii haifai kwa huo mpira?"

Mama huyu, nikajiambia, angekuwa mwandishi wa habari. Kapsoya ina kituo cha hali ya hewa, na vipimo vyake vinaonyesha kwamba mtaa huu uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2,100. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Mapafu na damu ya mtu anayeishi hapa huzoea kufanya kazi kwa hewa hiyo haba, na ni faida ambayo Kipchoge Keino, mkaazi mashuhuri wa Eldoret, aliionyesha dunia mwaka 1968 alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Jiji la Mexico, ambalo nalo liko juu sana.

Lakini mpira wa tenisi hauna mapafu ya kuzoea. Hewa ikiwa nyepesi, mpira haupati kizuizi, huruka mbali na kwa kasi zaidi. Tena ndani ya mpira mna hewa iliyoshindiliwa, na kwa kuwa nje hewa ni haba, ile ya ndani husukuma kwa nguvu zaidi na mpira hudunda juu kupita kiasi. Ndiyo maana sheria za tenisi zinaruhusu mipira ya aina maalum kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Nairobi imepita kimo hicho, Eldoret imekipita mbali. Mtoto anayejifunzia Kapsoya kwa mpira mpya wa dukani, uliotengenezwa kwa nchi za chini, atapiga vizuri na bado mpira utatoka nje ya mstari. Atadhani yeye ndiye mwenye kosa.

Niliuomba mpira wa yule msichana nikauminya. Ulikuwa laini, umeishiwa pumzi. Nikacheka. Kwa mtoto wa umri wake, katika kimo hiki, mpira huo uliochoka ulikuwa unafaa kuliko mpya! Makocha wa kisasa huanza watoto kwa mipira iliyotengenezwa makusudi kuwa ya polepole: mwekundu kwa wadogo kabisa, wa rangi ya chungwa kwa wanaofuata, kisha wa alama ya kijani. Asiye na uwezo wa kuinunua aende kwenye klabu yoyote yenye uwanja akaulize kwa adabu. Mpira wa mashindano huzeeka baada ya mechi chache, na mingi hutupwa.

Ukuta nao si kitu cha kudharauliwa. Ana Ivanovic wa Serbia, aliyekuwa nambari moja duniani mwaka 2008, alijifunza majira ya baridi ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa mjini Belgrade, kuta zikiwa karibu hata ikambidi apige mipira ya moja kwa moja tu. Kwa mzazi wa Kapsoya, Kondele au Tandale, chukua chaki na mkanda wa kupimia. Chora mstari ukutani kwa urefu wa sentimita 91 kutoka chini. Huo ndio urefu wa wavu katikati ya uwanja. Mpira unaopiga chini ya mstari ni kosa, unaopiga juu kidogo ni mzuri. Mtoto asimame hatua sita au saba nyuma, apige kwa upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68 na nusu hivi, na ni kosa kumpa mtoto wa miaka sita, mkono wake utafundishika vibaya. Hata ubao mfupi ni afadhali.

Ila ukuta una dosari moja. Haudanganyi. Ukiupiga hivi, unakurudishia hivi. Mpinzani wa kweli atakupeleka kushoto kisha acheze kulia. Ndiyo sababu mtoto anayevuka mia moja ukutani apelekwe akacheze na watoto wenzake, na chama cha Tennis Kenya kina mipango ya chipukizi ambayo mwalimu wa michezo wa shule anaweza kuiulizia.

Nilipofika hapo maharagwe yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa. Nyanya alipeta ungo mara mbili, akawarushia kuku makapi.

"Huyo nyanya wa Nairobi," akasema, "shule ile ilikuwa yake?"

"La, mama. Alikuwa mfanyakazi tu."

"Kwa hiyo hata ukuta hakuwa nao." Akautazama wa kwake, wenye alama za mpira kama ngozi ya mtoto aliyeugua tetekuwanga. "Mimi huu ni wangu. Nyumba ninayo." Kisha akamwita mjukuu. "Wewe! Toka upande huo wa dirisha, njoo huku kwenye saruji."

Msichana akahamia huku, ubao mkononi, akitazama kama anayengojea kukaripiwa.

"Sentimita ngapi ulisema?" nyanya akaniuliza.

"Tisini na moja."

Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua na kufunga saraka. Alipotoka alikuwa na mkanda wa fundi cherehani shingoni na kipande cha mkaa, kwani chaki, alisema, ingefutwa na mvua ya saa kumi.